Pijo chini ya mwarobaini au Subaru ya tabo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Mwenye kisa ni mfamasia wa Mombasa, miaka 36, ana mke na mtoto wa miaka mitatu. Babake alipofariki aliacha nyumbani Kisauni Peugeot (Pijo) 504 GL ya mwaka 1979, ya milango minne na buti, rangi ya maziwa. Gari lilikuwa limesimama miaka tisa chini ya mwarobaini. Magurudumu yamekaa bila hewa, kunguru wameligeuza choo, na panya wamekula sponji ya kiti cha nyuma. Wakati huohuo mfamasia alikuwa amejiwekea akiba ya kununua Subaru Forester XT ya lita 2.0 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi). Fedha zilitosha jambo moja: ama aichukue XT, ama alifufue gari la babake na abaki na chenji ya maana.

Mke wake ana Toyota Fielder. Hiyo ndiyo inayompeleka mtoto shule, inayokwenda sokoni na hospitali. Hilo liwekwe akilini, kwa sababu nusu ya kesi hii iliamuliwa na Fielder.

Jamaa walipoulizwa, kila mmoja alikuwa na lake. Mjomba wake, ambaye aliwahi kuendesha Pijo za abiria miaka ya 80, ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Alimwambia: "Mwanangu, gari la marehemu ni kumbukumbu, sikatai. Lakini kumbukumbu haipandi Mazeras." Mazeras ni mpando kwenye barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Maneno hayo tutayarudia mbele, maana yalitimia karibu neno kwa neno.

Kwa nini magari haya mawili yagombanie moyo wa mtu mmoja? Kwa mtu aliyekulia Kenya jibu halihitaji falsafa: yote mawili yamepita mashindano ya magari ya Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania. Pijo 504 ikaja ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Subaru Impreza nayo ilichukua Safari mwaka 1997 na Colin McRae, na mwaka 2000 na Richard Burns. Kwa hiyo baba na mwana walikuwa wanapenda kitu kilekile, ila kila mmoja alikikuta katika umri wake. Tofauti ni kwamba 504 iliyouzwa dukani haikuwa mbali sana na ile iliyopita matope ya Safari, wakati Impreza ya mashindano ya 1997 na Forester ya leo zina undugu wa jina na aina ya injini tu.

Mirathi kabla ya spana

Kosa la kwanza lililokaribia kufanyika halikuwa la kiufundi. Fundi alishaitwa kabla ya kuulizwa gari ni la nani. Marehemu aliacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walishatangulia. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu mjane ana thumni (moja ya nane), na kinachobaki hugawanywa mtoto wa kiume akipata sehemu mbili kwa moja ya kila binti. Mfamasia alikuwa na sehemu 7 kati ya 16 za gari lile, yaani chini ya nusu. Kila shilingi ambayo angeitia kwenye injini ingekuwa inanenepesha mali ya mama na dada zake, na siku ya kugawana pangekuwa na maneno.

Utaratibu uliofuatwa ndio sahihi. Gari likathaminiwa lilivyo, chafu na bovu, kabla halijaguswa. Hati ya usimamizi wa mirathi ikapatikana kwa Kadhi, hisa za wengine zikalipwa, na logibuku (hati ya umiliki wa gari) ikahamishwa. Hapo ndipo spana iliposhikwa. Waliolifanya jambo hili kinyumenyume hujuta, na huwa hawamwambii mtu.

Kasi inayotumika

Forester XT ya muundo wa SJ, iliyotoka mwaka 2012 hadi 2018, ina nguvu farasi 280 na msukumo wa Nm 350. Injini ya 504 ya petroli ni ya sentimita za ujazo 1971, na nguvu farasi zake ni karibu 95. Kwenye karatasi hakuna mashindano hapo. Lakini gari halikimbii kwenye karatasi.

Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, sehemu kubwa ni njia moja kila upande, na malori hayaishi. Kikomo kwa gari dogo kwenye barabara ya aina hiyo ni kilomita 100 kwa saa, na mjini ni 50. Tuseme mwenye Pijo ana wastani wa kilomita 72 kwa saa: atatumia saa 6 na dakika 40. Mwenye XT akiweza wastani wa 80 bila kuvunja sheria, atatumia saa 6. Nguvu farasi 185 za ziada zimenunua dakika 40, na hizo zinaweza kuishia kwenye foleni ya kuingia Nairobi.

Kuna mahali pamoja ambapo kasi ya XT ni mali halisi, nako ni kulipita lori. Kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, XT hutumia sekunde nne hivi. Pijo yenye gia nne, ukiiweka ya tatu, itakuchukua kama kumi. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. XT inahitaji karibu mita 90 za barabara ukiwa upande wa wenzako, Pijo inahitaji zaidi ya 220. Mwenye Pijo asiyeikubali hesabu hiyo asitoke mjini. Anayeikubali hukaa nyuma ya lori kwa subira, na ajabu ni kwamba hafiki amechoka sana: viti vya 504 ni laini, shoki zake zina mwendo mrefu, na matuta yanayomfanya mwenye XT akunje uso yeye huyapita kama anapanda wimbi.

Maji yaliingia juu

Kila mtu pwani hulaumu chumvi. Gari lilipooshwa na mazulia kutolewa, chini ya miguu ya dereva palionekana tundu la ukubwa wa kisahani cha chai, na fundi wa bodi akasema mara moja ni hewa ya bahari. Haikuwa hivyo. Bati lilikuwa limeliwa kutoka ndani kwenda nje. Upande wa chini rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa bado imeshika pembeni mwa tundu. Maji yalitoka juu.

Njia yake ni hii. Chini ya wiper kuna mfereji unaopokea maji ya mvua kutoka kioo cha mbele, nao una vitundu vya kuyatoa pembeni. Majani ya mwarobaini ni membamba, yanapita kwenye matundu ya wavu, yanaoza na kuwa kama ugali mweusi, yanaziba. Maji yanajaa, yanafurika kupitia njia ya hewa hadi ndani, yanalala chini ya zulia miezi na miezi. Majani yaliyochotwa pale yalijaa kopo la rangi la lita nne. Kama marehemu angeegesha mita tano kando, kwenye jua kali, rangi ingepauka lakini sakafu ingepona.

Ukaguzi wa bodi ulifanywa kwa sumaku iliyofungwa kitambaa na kwa kichwa cha bisibisi. Sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Bisibisi ikigonga na kutoa mlio mzito usio na mwangwi, bati limeoza. Mahali pa kwanza pa kuangalia kwenye 504 ni vikombe vya shoki za mbele, pale juu ndani ya boneti ambapo shoki inashika bodi. Vikiwa vimeoza, funga boneti, uza gari kwa spea, nenda kachukue XT. Kazi ya kuchomelea pale na kuliacha gari limenyooka haiwezwi na gereji ya uchochoroni. Hapa vilikuwa vizima. Kingo za chini ya milango zilikuwa na alama lakini zinashika jeki. Milango miwili ya nyuma imeliwa ukingo wa chini. Sakafu ilikatwa hadi kwenye bati safi, ikawekwa kiraka cha bati la milimita 1.2 kilichochomelewa pande zote, si kwa vidonge vya hapa na pale, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu juu na chini kabla ya lami.

Kabla ya kugusa stata

Kijana wa gereji alikuja na betri mpya mkononi, akitaka kusikia mlio. Akazuiwa, na vizuri. Injini iliyolala miaka tisa ina ringi zilizokauka na huenda kutu nyembamba kwenye kuta za silinda. Kuizungusha kwa stata ni kuzikwangua.

Plagi nne zilitolewa. Kila silinda ikatiwa kijiko kimoja cha mchanganyiko wa oili ya injini na dizeli, nusu kwa nusu, na gari likaachwa siku mbili. Siku ya tatu likatiwa gia ya nne na kusukumwa polepole. Injini ikazunguka bila kukwama. Oili ya zamani ikamwagwa, ikatiwa 20W-50 lita 4 na filta mpya, kisha ndipo stata ikapigwa, plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili ikazimika kwenye dashibodi.

Kipimo cha mgandamizo kilitoa, kwa baa, 10, 9.5, 6 na 10. Silinda moja ilikuwa chini sana. Ikatiwa kijiko cha oili na kupimwa tena, haikupanda. Maana yake ringi hazina kosa, upepo unatoroka kwenye valvu. Kesho yake fundi mkubwa akaja, akasoma kwenye karatasi "silinda ya 3", akafungua kifuniko na kukuta tapeti (nafasi za valvu) za silinda ya tatu ziko sawasawa. Akaanza kusema hedi (kichwa cha injini) lazima ishuke.

Tatizo lilikuwa la kuhesabu. Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, yaani nyuma, na kijana wa jana alihesabu kutoka mbele kama alivyozoea kwenye Toyota. Ya tatu kutoka mbele ni ya pili kutoka nyuma. Kosa hili halijionyeshi kwenye moto, kwa sababu mpangilio wa 1-3-4-2 ukiugeuza na kuuhesabu kutoka upande wa pili unabaki 1-3-4-2. Gari linawaka kama kawaida na hakuna anayeshtuka. Linajionyesha tu siku unapofungua silinda isiyo na ugonjwa. Valvu ya moshi ya silinda ya pili haikuwa na nafasi hata kidogo. Tapeti zote zikapigwa upya injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa za moshi. Silinda ile ikapanda hadi 9. Hedi haikushuka, na hilo lina thamani kubwa kwenye injini hii, kwa sababu silinda zake ni mashati, yaani mabomba ya kuchomoka, yanayoogeshwa na maji moja kwa moja. Ukishusha hedi kisha ukazungusha injini bila kuyabana mashati, yananyanyuka, sili za chini zinavuja, maji yanaingia kwenye oili. Hapo umetoka kwenye kazi ya tapeti na kuingia kwenye ovahoo.

Petroli iliyobaki kwenye tangi ilinuka vanishi. Tangi likashushwa, likaoshwa kwa maji moto na sabuni, likaanikwa siku mbili. Hosi zote za petroli zikabadilishwa, na filta ya ziada ikawekwa kabla ya pampu kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu tangi la zamani huendelea kutema uchafu hata baada ya kuoshwa. Kabureta ya koo mbili ikafunguliwa na jeti zake kupulizwa kwa kompresa. Kuna watu huzitoboa kwa waya wa brashi. Tundu likipanuka kwa nywele tu, gari litakula petroli maisha yake yote na hutajua kwa nini. Pointi na kondensa za moto wa plagi vikawa vipya, pengo milimita 0.40.

Breki ndizo zilizokula siku nyingi kuliko injini. Pistoni ya kalipa ya mbele kulia ilikuwa imeganda, hiyo ilitarajiwa. Isiyotarajiwa ni hosi za mpira. Nje zilikuwa nzuri, ndani zimevimba. Hosi ya namna hiyo hupitisha mafuta unapokanyaga, kisha hairudishi unapoachia, na gurudumu linabaki limeshikwa. Wengi hubadilisha kalipa mara mbili kabla ya kuishuku hosi. Zote zikatolewa, mastasilinda ikatiwa sili mpya, na breki zikatolewa upepo kwa mafuta mapya ya DOT 4 kuanzia gurudumu la mbali zaidi na pedali.

Gia nazo zilikuwa ngumu kama kukoroga simiti. Mtu fulani zamani alitia gia-oili nzito ya 90 kwenye gia boksi. Gia boksi ya 504 inataka oili ya injini, lita moja na kidogo. Gia-oili ni ya difu (gia za ekseli ya nyuma). Ilipobadilishwa, mkono ukapata raha siku hiyohiyo. Bahati nyingine ni kwamba klachi ilikuwa nzima, maana propela ya gari hili imo ndani ya bomba lililofungwa kati ya gia boksi na difu, na kuitoa gia boksi ni lazima usogeze vitu vya nyuma kwanza. Kazi ambayo kwenye gari jingine ni ya asubuhi, hapa ni ya siku nzima.

Magurudumu ya asili ni 175 R14. Yaliyokuwepo yalikuwa na alama 3212, wiki ya 32 ya mwaka 2012. Yakatupwa bila mjadala ingawa meno yalikuwa mazuri. Ukikosa saizi hiyo, 185/70 R14 inaingia, ila gurudumu linakuwa dogo kwa asilimia chache na spidomita inadanganya kwenda juu.

Mazeras

Majaribio yote yalifanywa alfajiri, Kisauni hadi Mtwapa na kurudi, barabara tupu na upepo wa kutosha. Mshale wa joto haukutikisika. Wiki ya tatu mfamasia akaamua kwenda Voi, kilomita kama 150, na mjomba akapanda naye.

Kwenye mpando wa Mazeras walikuta malori yamepangana, mwendo wa kutembea kwa miguu, saa tano mchana. Mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu. Wakasimama kando. Mjomba hakusema kitu. Hakuwa na haja.

Sasa ufundi wake. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme: swichi ya joto inapohisi maji yamepata moto wa kutosha, umeme unapita kwenye brashi ndogo ya kaboni hadi kwenye sumaku, na sumaku inaivuta feni ishikane na puli. Kwenye mwendo wa upepo feni hulala na injini haipotezi nguvu. Ni ubunifu mzuri, na ndio unaosumbua magari mengi ya aina hii yaliyozeeka. Dalili ni hii hasa: gari halichemki barabarani, linachemka kwenye foleni na milima ya polepole.

Kupima ni dakika mbili. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru, basi haijajifunga. Kisha peleka waya kutoka betri moja kwa moja kwenye brashi. Ukisikia "tk" na feni ikashika, kosa ni swichi ya joto au waya zake. Kukiwa kimya, kosa ni brashi au koili. Hapa kulikuwa kimya, na brashi ilipochomolewa ilikuwa imeisha hadi haigusi pete yake.

Dawa ya njiani Peugeot wenyewe waliiacha ndani ya feni: kuna skrubu tatu za kurekebishia pengo. Ukizikaza zote hadi mwisho, feni inabanwa na puli na kuzunguka daima. Mjomba ndiye aliyeikumbuka. Alishuka, akaomba spana ndogo, akazikaza bila kuangalia, kama mtu anayefunga vifungo vya kanzu yake. Wakasubiri maji yapoe, wakaongeza, wakafika Voi.

Nyumbani brashi mpya ikapatikana. Isingepatikana, ya alteneta hukwanguliwa kwa msasa hadi ienee. Pete ikasafishwa, na pengo likarudishwa kwa skrubu zote tatu kuwa sawasawa. Pengo likipishana, feni hushika upande na kutoa mlio wa kusaga. Wapo wanaoiacha imefungwa moja kwa moja. Kwa joto la Mombasa hilo si dhambi, ila kelele huongezeka na petroli huliwa zaidi kidogo.

Na XT je?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo XT ya muundo huu, ambayo uzalishaji wake ulikoma 2018, karibu yote sasa hununuliwa kwa mtu aliye nayo hapa. Hapo ndipo hatari ilipo. Gari la kasi linanunuliwa na anayependa kasi, na linauzwa anapochoka kulipia matokeo yake.

Anayekwenda kuiangalia aikute injini ikiwa baridi na aisikilize inapowaka. Achomoe kijiti cha oili: tabo inategemea oili safi, na kubadilisha kila kilomita 5,000 si ubadhirifu kwa joto letu. Mabomba ya hewa kati ya tabo na intakula (kipoozea hewa) yakaguliwe nyufa. Ufa hukata nguvu na huleta mluzi unapokanyaga. Mashine ya kusoma kompyuta ipitishwe kwenye mifumo yote, si injini tu. Gia boksi ni ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua. Gari likitetemeka linapoondoka polepole, ondoka nawe. Na magurudumu manne yapimwe kwa futi ya fundi cherehani. XT huvuta kwa miguu yote, na mizingo ikipishana zaidi ya milimita 6 hivi, klachi ya kugawa nguvu inafanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Ndiyo maana gurudumu moja likipasuka ubavu mwenyewe hujikuta ananunua manne, na wengi wasiojua hununua moja.

Injini hiyo ilitengenezwa ikitarajia petroli ya daraja la juu ya Japani. Ukiipa ya kawaida haivunjiki papo hapo; kompyuta huchelewesha moto ili kuikinga, na unabaki umelipia farasi 280 huku unaendesha pungufu. Petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza haziogeshwi na petroli na hujenga makaa taratibu.

Haya yote hayaifanyi XT kuwa gari baya. Pijo itaharibika mara nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Ila itaharibika kwa kitu cha ukubwa wa kidole na itaanza kulalamika mapema: mlio, harufu, mshale. XT hukaa kimya miaka, kisha siku moja huwasha taa ya njano na kukataa kuvuta, na kuanzia hapo unamhitaji mwenye mashine.

Hoja yenye uzito dhidi ya Pijo haikuwa kasi wala ubovu. Ilikuwa mtoto. XT ina mifuko ya hewa, breki zisizofunga magurudumu, na mfumo wa kulirudisha gari linapoteleza. 504 ina mikanda na chuma. Kama nyumba hiyo ingekuwa na gari moja tu, jibu letu lingekuwa gari la kisasa, na si lazima liwe la tabo. Kwa kuwa Fielder ipo, gari la pili lilikuwa la raha yake mwenyewe, na raha ya huyu bwana, ukimtazama siku ile ya tapeti alivyokuwa ameshika taa saa tatu mfululizo bila kuulizia chai, haikuwa kwenda mbio.

Masharti aliyowekewa na mkewe yalikuwa mawili: mtoto hapandi Pijo nje ya mitaa ya nyumbani, na hakuna safari ya usiku. Akayakubali.

Spea za injini hazijamsumbua. 504 iliunganishwa Mombasa hapa hapa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaendelea Nigeria, na Argentina waliitengeneza hadi 1999, kwa hiyo gasketi, sili na pedi bado zipo, na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi haikosi mtu mwenye kontena la zamani. Vinavyotafutwa kwa tochi ni mpira wa kioo cha mbele, taa za nyuma na vitasa. Anayefungua gari kama hili kupaka rangi avitoe kwa mikono yake na kuvifungia chumbani. Gereji huvivunja bila kukusudia, kisha mwenye gari huambiwa vilikuja hivyo.

Hadi sasa milango ya nyuma haijakatwa kutu, mpira wa kioo bado unasubiriwa, na chenji ya XT imo benki. Tapeti zinapigwa tena zikitimia kilomita 1,000. Gari linaegeshwa juani, na mwarobaini umepogolewa tawi la upande ule.